Nilizaa kawaida baada ya kisu, na aliyeniokoa ni picha ya simu

Mimba ya pili ilivyofika miezi mitano tu kila mtu alishakuwa daktari. Kazini wananiambia ukishapigwa kisu mara moja ndo basi, we jiandalie hela ya oparesheni. Mama mkwe naye kwa upande wake "safari hii usukume kama wenzio", utadhani ile ya kwanza nilikiagiza hicho kisu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nilipasuliwa kwa nini. Na mimi mwenyewe sijui, ndo aibu yenyewe.

Nilichokuwa nakumbuka ni Morogoro, 2021, chupa imepasuka usiku, njia imefunguka sentimita mbili tu, nikalazwa chali na dripu ya uchungu mpaka mchana, alafu ghafla mbio mbio, weka saini hapa, thieta. Kesho yake nesi akapita kitandani, "we mama nyonga zako ndogo", huyo akaondoka. Miaka mitatu natembea na hizo nyonga ndogo kichwani.

Sasa daktari wa kliniki hapa Dar ananiuliza walikukata vipi, nikapandisha blauzi nimwonyeshe mshono, akacheka. Akasema huo wa nje haumsaidii, anataka kujua wa kwenye kizazi, maana ngozi inaweza kukatwa mlalo na kizazi kikakatwa wima. Kama ni mlalo kule chini, kujaribu kawaida inawezekana, na wanaojaribu wanafanikiwa kama 70 na kitu kwa 100. Kovu kuachia, yaani kizazi kupasuka pale kilipokatwa, ni kama mama mmoja kwa 200, ila likiachia ni dakika zinahesabiwa, kwa hiyo usije ukajaribia nyumbani wala kwenye zahanati isiyo na thieta na damu. Kama ni wima, hata tusijadili. Niletee karatasi ya ruhusa, ile uliyopewa ulipotoka hospitali kule.

Karatasi ya ruhusa! Tumehama nyumba mara mbili. Nilipekua mpaka kabati la vyombo, nikakuta waranti ya feni iliyokufa zamani, karatasi hamna. Kupiga simu kule, wananijibu bila namba ya faili hatuwezi kukutafuta mama.

Basi usiku mmoja nimekosa usingizi naangalia picha za mwanangu siku aliyozaliwa, kafungwa kama mkate, na pembeni ya kichwa chake kuna nini? Faili! Nikaivuta ile picha, namba inasomeka alafu tarakimu mbili za mwisho zimezibwa na chupa ya chai. Nikakumbuka siku ile wifi yangu alipiga picha kama paparazi. Saa sita usiku nikamwamsha, wifi nitumie zote, usichague. Katumia bando lake lote masikini. Ya kumi na ngapi sijui, chupa imesogezwa, namba hiyo hapo nzima. Nikapiga kigelegele, mume akaruka kitandani anatafuta begi la leba.

Kesho yake nikapanda treni ya SGR kwenda Morogoro, elfu kumi na tatu tu, na tumbo langu la miezi saba. Mzee wa masjala alinizungusha kidogo, mafaili ya zamani yako stoo, fundi kaondoka na funguo, nikamwambia baba mi nasubiri, nikakaa kwenye benchi mbele ya dirisha lake natafuna mahindi ya kuchoma namwangalia. Saa nane faili likaja na vumbi lake. Limeandikwa mapigo ya mtoto yalishuka, kizazi kimekatwa mlalo chini. Nyonga haijatajwa popote. Popote!

Daktari akakubali, kwa masharti. Uchungu uanze wenyewe, vile vidonge vya kuuanzisha wenye kovu hatupewi, na nikifika wiki 41 kimya tunapanga kisu, sawa. Hapo mama mdogo analeta chupa ya mizizi ya kuharakisha uchungu, nikamwambia asante mama, nikaumwagia mpapai. Kama vidonge vya hospitali vyenyewe wanavikataa, hiyo mizizi nani kaipima?

Wiki ya mwisho nikahamia kwa shoga yangu anayekaa jirani na hospitali. Uchungu ukaanza alfajiri, mume anaandika saa nyuma ya risiti za LUKU, ukifika kila dakika tano tukaenda, sentimita tano. Sikulala chali tena. Mkunga mmoja mtu mzima aliniacha nitembee nimeshika ukuta, kila baada ya muda ananirudisha asikilize mapigo ya mtoto, anauliza pale kwenye kovu panauma hata uchungu ukiachia? Hapana. Haya tembea. Kuna saa nililia nikaomba wenyewe nipasuliwe, nisijifanye shujaa hapa, akaniambia njia imebaki kidogo mwanangu, nikamtukana, baadaye nikamwomba radhi.

Saa kumi na moja jioni akatoka. Wa kwanza alikuwa kilo 2.8. Huyu kilo 3.5, kapita kwenye hizo hizo nyonga ndogo.

Mama mkwe anachemsha maji ya kunikanda huku anawatangazia majirani kwamba yeye ndo alinishauri. Yule mzee wa masjala nilimtumia picha ya mtoto, akajibu "hongera mama, na hela ya soda?" Nikamtumia elfu tano.