Siku moja ya kazi: kuunda watu wa kubuni, kuanzia ghalani

Saa 1 asubuhi. Daftari, penseli, kikokotoo cha simu, chai. Leo ni zamu ya watu wa mteremko, jamii ya tatu katika ulimwengu wa kubuni ninaouandikia hadithi. Hawana jina, jina huja jioni. Hawana mungu wala mfalme wala vazi. Wana tumbo, basi. Anayeanza na vinyago na matambiko hufika sura ya tano akagundua kuwa hajui watu wake wanakula nini, na hapo mila zao zinakuwa nguo kwenye kamba: zinapepea, hazina mtu ndani.

Nimewapa watu 4,000, kaya 800, chakula kikuu mtama. Mtu anayetegemea nafaka hula takriban kilo 200 kwa mwaka, ukichanganya wakubwa na watoto. Kaya ya watu watano inakula tani moja. Ongeza robo kwa ajili ya mbegu, panya, fukusi na wageni, unapata kilo 1,250. Kwa jembe la mkono bila mbolea nawakadiria mavuno ya kilo 700 kwa hekta. Kila kaya basi inataka karibu hekta 1.8, yaani ekari nne na ushei.

Mume na mke wanaweza kulima na kupanda ekari nne wakijinyima usingizi. Kuzipalilia hawawezi. Wiki za mwanzo magugu hukua pamoja na mtama, na atakayechelewa atavuna nusu gunia. Tena kuna kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Madhara yake huanza chini ya ardhi kabla hujaliona, na likiachwa likatoa mbegu, mbegu hizo ni kama vumbi: zinasafiri kwa upepo, kwa maji ya mvua na kwa kwato za mbuzi, kisha zinakaa ardhini miaka mingi. Uvivu wa jirani ni njaa yako ya mwakani.

Hapo nimepata sheria ya kwanza ya watu hawa bila kuitafuta. Kuacha kiduha kichanue shambani ni kosa kubwa kuliko wizi. Mwizi analipa alichoiba. Mwenye kiduha anatengwa na moto, hakuna wa kumpa kaa la kuwashia jiko. Sikubuni sheria hiyo ili ipendeze. Shamba limeidai.

Saa 3. Nani anapalilia? Vijana, kwa rika. Urefu wa rika, miaka 8, nimeuazima kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ambao mfumo wao wa marika, gada, hukabidhi uongozi kila baada ya miaka 8. Kuazima si kosa, ila ukiazima mfumo uchukue na kasoro zake, maana hadithi imo kwenye kasoro. Katika gada mtoto wa kiume hupangwa ngazi tano nyuma ya babaye, yaani miaka 40, na umri wake mwenyewe hauulizwi. Aliyezaliwa baba akiwa kijana anajikuta mtu mzima kati ya wadogo; kitinda mimba wa baba mzee anafika ngazi za wakubwa angali mbichi.

Kwa watu wangu nimepunguza iwe ngazi nne, miaka 32. Rika la palizi kwa kawaida lina vijana wa miaka 16 hadi 24. Sasa chukua babu aliyezaa akiwa na miaka 17, na mwanawe naye akazaa akiwa na 17. Kila mmoja amewahi kwa miaka 15 (32 toa 17), na mjukuu anawazidi wenzake wa rika kwa 30. Ana miaka 50, mgongo umeshachoka, na sheria inamtaka ashike jembe. Ndani ya rika wote huitana ndugu, kwa hiyo msimamizi wa miaka 20 anamwita hivyo hivyo:

"Ndugu, mstari wako umebaki nyuma."

"Mwanangu, mgongo huu ulikuwa unapalilia kabla hujazaliwa."

"Hapa hakuna mwana. Faini debe moja, ndugu."

Mazungumzo haya nayaandika pembeni mwa daftari. Yatafanya kazi ya kurasa tatu za maelezo.

Saa 5. Kalenda. Kosa la kila siku ni kuwapa watu wa kubuni mwaka wa siku 360, miezi 12 ya siku 30, safi kama sabuni. Mwaka safi hauna ugomvi. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, kwa hiyo mwaka huo unaachwa na jua kwa siku 11 kila mara. Baada ya miaka mitatu mwezi wa kupanda umetangulia mvua kwa mwezi mzima na zaidi. Pwani yetu ilikuwa na jawabu lake, mwaka wa Nairuzi wa siku 365 uliohesabiwa kwa miongo, makumi ya siku, na siku tano za nyongeza. Makunduchi, Unguja, bado wanaukoga kila Julai, ndiyo sherehe ya Mwaka Kogwa. Hata huo, usiporekebishwa, unapoteza karibu siku moja kila miaka minne.

Watu wa mteremko nimewapa mwandamo na mwezi wa 13, unaoongezwa mara 7 katika miaka 19. Hesabu hiyo inashika vizuri. Swali lenye nyama ni nani anayeutangaza. Madeni yote yanalipwa "mwezi wa mavuno", na mwezi ukiongezwa mdaiwa amepata siku 29 au 30 za kupumua. Mtangazaji ni bibi mmoja anayekaa mbali na gulio, na usiku wa kuamkia tangazo mlangoni kwake kuna mbuzi wawili: mmoja wa wadai, mmoja wa wadaiwa. Serikali yao nzima iko pale.

Saa 7 mchana nakula, kisha nafuta. Leo zimeondoka chale za usoni na sikukuu ya taa. Nilishindwa kusema nani alikuwa analipia mafuta.

Saa 8. Ndoa na urithi. Nimechagua ardhi ipite upande wa mama, kama ilivyo desturi kwa Waluguru wa milima ya Uluguru, Morogoro. Waandishi wakisikia "upande wa mama" wanadhani wanawake wanatawala. Mara nyingi mwenye sauti ni mjomba. Baba analima shamba la ukoo wa mkewe na watoto wake ni warithi wa shemeji zake, huku yeye mwenyewe akiwa mjomba mwenye amri kwa dada yake, labda kijiji kingine. Kila mwanamume ni mgeni nyumbani na bwana ugenini. Tatizo la watu wangu ni kwamba rika linapita kwa baba na ardhi kwa mama. Makusudi. Mjomba anataka mpwa apalilie shamba la ukoo wiki ile ile ambayo rika la upande wa baba linamwita kwingine, na palizi, kama tulivyoona asubuhi, haisubiri.

Mahari naipima kabla ya kuiandika. Watu 4,000 nawahesabia harusi 40 kwa mwaka. Kila kaya ina mbuzi 6, jumla 4,800. Mahari ya mbuzi 12 inahamisha 480, sehemu moja ya kumi ya mifugo yote, na kijana hawezi kuitoa bila kuchangiwa na nyumba nyingine. Nzuri. Ukiandika mbuzi 60, nusu ya mifugo ya mteremko inahama kila mwaka na hakuna atakayeoa.

Saa 10. Majirani wa bondeni. Vita ni jibu rahisi mno. Nawawekea utani, kama ule wa makabila mengi ya Tanzania: mtani anakutukana mbele ya wakwe na huruhusiwi kukasirika, lakini ukifiwa anakuja kufanya kazi za msiba na kudai chake huku akichekesha waombolezaji. Bila wajibu wa msibani, utani ni matusi tu. Kwa hiyo naandika wajibu kwanza: mtu wa bondeni ndiye anayechimba kaburi la mtu wa mteremko, na malipo yake ni jembe la marehemu. Mwaka wa njaa majembe hayo yanarudi kuuzwa mteremkoni, kwa bei ya utani.

Saa 11 jioni, jina. Lugha yetu inavuta kila jamii kwenye Wa-, nchi kwenye U- na lugha kwenye Ki-. Ukiwaita wote hivyo, msomaji anawasikia kuwa Wabantu kabla hawajafungua mdomo. Kwa hiyo kila jamii naipa majina mawili, la ndani na la nje. Majina ya makabila mengi yalitolewa na majirani. Watu wa mteremko wenyewe wanajiita Tuheli, bila kiambishi, umoja na wingi sawa. Watu wa bondeni wanawaita Wapalizi, na hawasemi kwa heshima. Salamu ya Tuheli ni "Umeng'oa?" na jibu "Hadi mzizi", hata kwa mtu aliyekutwa amelala.

Saa 1 usiku, daftari la faini. Kila mila ya leo inapata mistari minne: anayelipa, anayefaidi, anayekwepa, na faini. Ikikosa mstari wa tatu naifuta, kwa sababu mila isiyokwepwa na mtu hakuna mtu anayeishi nayo. Kiduha kina wakwepaji wa kutosha: usiku wanakata maua tu na kuacha shina, ili mkaguzi asione. Shina linachipua tena baada ya siku chache, likiwa fupi, chini ya majani ya mtama. Wakaguzi wa Tuheli kwa hiyo hukagua wakitambaa, na ndiyo maana wazee wao huheshimiwa kwa magoti yenye sugu.