Kumbukumbu ya tangi la furu: ruba wameingia

Tangi la lita 120 liko sebuleni, Nyegezi. Wakazi wake ni furu, samaki wadogo wa miamba ya Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria, wa aina iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985: dume ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye michirizi myeusi. Yalipoingia mawe na majani mapya kutoka ziwani, waliingia na wageni wengine. Kumbukumbu ya mwezi huu ni yao.

Usiku, kwa tochi

Mchana huoni kitu. Zima taa, subiri, kisha mulika kioo kwa tochi ya simu. Niliwaona wa aina tatu, na kwa kuwa dawa ya mmoja huenda isimguse mwingine, niliwatazama kwa muda mrefu kabla ya kufanya lolote.

Wa kwanza ni weupe, wembamba kama uzi, wanajinyonganyonga kwenye changarawe. Hawa hula uchafu tu, samaki hawana neno nao. Wakipanda kwenye kioo kwa wingi, ujue chini kumejaa mabaki ya chakula au oksijeni imepungua. Wa pili ni planaria: mnyoo bapa, kichwa cha pembetatu, macho mawili, anateleza juu ya kioo taratibu. Huyo usimkate wala usimponde kiooni, maana kipande kinaweza kuota mnyama mzima. Wa tatu ndiye ruba. Ana kinyonyeo mbele na kingine nyuma. Anashika kwa mbele, anavuta nyuma, anashika tena. Ukimgusa anajiviringa.

Ruba wangu niliwakuta kwenye konokono, si kwenye samaki. Mmoja nilimweka chini ya kioo cha kukuzia, kumbe chini ya tumbo amebeba watoto, wamemng'ang'ania wote. Wapo ruba wa namna hii wanaoishi kwa kufyonza konokono na minyoo. Niliwakagua furu mapezi na mashavu, mmoja mmoja: safi. Hapo roho ilitulia.

Mrututu? Hapana

Dukani kwenye dawa za mifugo niliambiwa, "Kaka, tia mrututu, vyote vinakufa." Vitakufa kweli, na furu wangu pamoja navyo. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani na ni laini, na kwenye maji laini shaba iliyomo kwenye mrututu humwumiza samaki hata kwa kipimo kidogo. Tena konokono wakifa kwa mkupuo wanaozea humo humo, amonia, sumu itokanayo na uozo, inapanda. Fenbendazoli, ile dawa ya minyoo ya mbuzi na ng'ombe, inawamaliza planaria vizuri, ila kwa ruba siitegemei.

Na kuna jambo kubwa zaidi: jike mmoja ana mayai mdomoni. Furu huatamia hivyo, na akisumbuliwa anaweza kuyatema au kuyameza. Kwa ajili yake sitii dawa yoyote majini.

Chumvi nimeiweka akiba. Ruba akimng'ang'ania samaki, usimvute kwa kibano, utaacha kidonda. Samaki anaoshwa kwenye ndoo ya pembeni yenye gramu 30 za chumvi kwa lita, kwa dakika chache, nawe umesimama hapo hapo. Akianza kulala ubavu, mtoe.

Mtego

Chupa ndogo ya plastiki, matundu membamba ambayo samaki hapiti, ndani konokono aliyepondwa na kipande cha maini. Nailaza chini taa zikizimwa, naitoa kabla hapajapambazuka. Maini huwavuta planaria, konokono huwavuta ruba. Walionaswa nawamwagia maji ya chumvi kali. Chakula cha samaki nimekipunguza, na changarawe nainyonya kwa mpira kila nikibadilisha maji. Naona hiki ndicho kilichosaidia kuliko mtego wenyewe: minyoo ya uzi imeadimika kiooni.

Mikono

Hili nalisema kwa uzito. Ufukwe wetu una kichocho, na konokono wa ziwani ndio wanaokibeba. Konokono mwenye vimelea akiwa ndani ya tangi huendelea kuvimwaga majini, navyo hupenya ngozi. Navaa glavu ndefu, mpira wa kunyonyea siuvuti kwa mdomo, na watoto wa nyumbani hawatumbukizi mikono. Konokono wote wa ziwani nimewatoa. Ruba wa namna hii wakikosa konokono, riziki yao imepungua sana.

Majani mapya sasa yanakaa kwanza kwenye beseni lake, baada ya kuchovywa dakika 2 kwenye jiki sehemu moja kwa maji sehemu 20 na kusuuzwa vizuri. Mayai ya ruba yenye ganda gumu yanaweza kuponea hapo, ndiyo maana beseni halikwepeki.

Hali ilivyo

Mtego wa jana ulitoka na ruba mmoja mdogo, planaria hakuna. Jike bado amefumba mdomo, hali chakula, na kidevu kimetuna. Akishawatema watoto nitawahamishia kwenye tangi dogo lisilo na changarawe, nianze kuwalisha.