Msomaji wa Daftari Njiani Kwenda Namugongo

Basi letu lilizimika ndani ya msitu wa Mabira asubuhi ya tarehe 1 Juni, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Tulikuwa tumevuka mpaka wa Busia usiku, tukapita Iganga na Jinja tukisali rozari, tukavuka Mto Nile juu ya lile daraja la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018, nami nilikwisha kujipangia kulala Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi hao, jioni ile ile. Dereva aliingia chini ya gari, akatoka mikono imejaa oili, akasema kwamba kipuri kitatafutwa Kampala na huenda tukalala hapo. Wengi waliridhika kungoja. Mimi nilikaa kivulini kwa saa moja hivi, nikitazama mahujaji wa miguu wakitupita, baadhi yao wakichechemea baada ya kutembea siku nyingi, mpaka nikaona haya kuendelea kukaa. Nilichukua mkoba wangu, nikamuaga kiongozi wetu, nikaingia barabarani.

Hapo ndipo nilipomkuta mzee mmoja amesimama kando ya lami, ameshika fimbo kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono mwingine. Alivaa akala, na daftari lake lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nilimwamkia, akaitikia kwa Kiswahili safi, nami nikastaajabu, maana tangu mpakani nilikuwa nikisikia Kiswahili kidogo sana. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa kijana kwenye shirika la reli la Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na kwamba baada ya hapo alirudi kwao mashariki mwa Uganda, akawa mwinjilisti wa Kanisa la Anglikana.

"Binti yangu, unajua kusoma?" aliniuliza. Nilipoitika, alinikabidhi daftari. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, naye hakuweza tena kuona maandishi. Ndani mlikuwa na majina tu, ukurasa baada ya ukurasa, yameandikwa kwa miandiko ya watu mbalimbali: wagonjwa, wafungwa, wanawake waliotamani watoto, wanafunzi wanaokaribia mtihani. Kila mwaka watu wa kijijini kwake humpa majina ayapeleke kwa Mashahidi, naye huyaombea njia nzima, jina moja baada ya jingine. "Kuomba naweza, kusoma siwezi," alisema. "Kila mwaka Mungu hunipa msomaji barabarani. Tangu alfajiri nilikuwa nikingoja nione mwaka huu atakuwa nani." Niligeuka nikalitazama basi letu lililozimika, wala sikupata la kusema.

Basi nikasoma. Nilisoma tukitoka Mabira, nikasoma tukipita Lugazi, na kila jina nililolitamka alilirudia polepole, akanyamaza kwa hatua kumi au kumi na tano, kisha akasema, "Endelea." Mwanzoni nilitaka tuharakishe. Kufikia jioni nilikuwa nimezoea ule mwendo, hata nikaanza kuwaona wenye majina. Jina moja lilikuwa limerudiwa mwanzoni mwa kila ukurasa, nami nikadhani ni la mwanawe. Aliniambia kwa utulivu kwamba ni la jirani aliyemwibia ng'ombe na kumshuhudia uongo barazani. "Huyo namtanguliza kwa sababu ndiye anayenishinda," alisema. Nimesikia mahubiri mengi juu ya msamaha, lakini sikumbuki hata moja lililoniingia kama maneno yale, yaliyosemwa na mzee aliyechoka huku malori yakitupita kwa kishindo.

Tulilala Mukono, kwenye mikeka, pamoja na mahujaji wengine. Usiku ule tulizungumza juu ya vijana wa kasri waliohukumiwa kwa sababu ya imani yao ya Kikristo na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, huko Munyonyo, wakapelekwa Namugongo wakiwa wamefungwa, ambako wengi wao waliteketezwa tarehe 3 Juni 1886. Mimi ni Mkatoliki, nami nilizoea kuwahesabu 22, hao waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Mzee alinikumbusha kwamba wa kanisa lake ni 23, na kwamba walipofungwa kwenye matete hakuna aliyewatenga kwa madhehebu. Alilisema hilo bila ubishi wowote, kisha akavua akala zake, akazipanga vizuri karibu na kichwa chake, akalala.

Kesho yake, kabla hatujaondoka, niliomba kalamu. Nina ndugu yangu wa tumbo moja ambaye hatukuwa tumesemezana kwa miaka sita kwa sababu ya shamba la marehemu baba yetu. Niliandika jina lake chini kabisa, pasipokuwa na nafasi ya kutosha, kwa herufi zilizobanana. Mzee hakuniuliza nimeandika nini.

Tulifika mchana, tukakuta umati unaosukumana, na hapo ilitubidi kuachana, kwa kuwa kanisa lake lina mahali pake pa hija na letu lina pake, ile basilika yenye nguzo 22 na paa linalofuata umbo la nyumba ya Kiganda. Nilimkabidhi daftari kijana mmoja wa kanisa lake aliyekuwa akielekea huko huko. Mzee aliniwekea mkono kichwani, akanibariki kwa lugha yake ambayo sikuielewa, akaondoka. Nilisimama nikiwasikiliza wakienda. Kijana alikuwa ameanzia ukurasa wa mwisho, akasoma majina matatu bila shida, akakwama kwenye mwandiko wangu, akalisogeza daftari karibu na uso wake, kisha akalitamka jina la ndugu yangu kwa sauti, na mzee akalirudia.