Siku moja ya kine wa Kadutu

Saa kumi na mbili asubuhi niko njiani kwa miguu, maana mvua ikinyesha usiku, tope la Kadutu linawashinda hata watu wa moto (pikipiki). Mimi ni kine, yaani mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi na kwa mikono. Wengi hapa Bukavu wanadhani kazi yetu ni kukanda watu mafuta basi.

Kuanzia saa moja na nusu: mgongo, nyonga, mzee wa kiharusi anayejifunza upya kushika kijiko. Yalikwenda vizuri.

Saa nne akaingia mama muuza sombe na binti yake. Nyuma yao mzee wa koti, baba mkubwa wa kijana anayetaka kumuoa huyo binti. Nikampa mama vidole vyangu viwili avibane. Akashindwa. Vifundo vya mikono yote miwili vimevimba sawasawa, vina joto. Asubuhi, anasema, inapita zaidi ya saa moja ndipo aweze kufunga kitenge. Daktari amesema ni baridi yabisi (rheumatoid arthritis), na amekwisha kumwanzishia dawa. Kwangu ni beseni la maji ya uvuguvugu na mazoezi ya polepole.

Mzee hakungoja. "Docta, huu ni ugonjwa wa ukoo ama ni karuho, sumu ya kutegewa? Niandikie karatasi kwamba huyu mtoto hana."

Nikamjibu si karuho, na karatasi ya namna hiyo sitaiandika. Akauliza tena, na tena. Mama ameinamisha kichwa, mikono ndani ya maji, anasikia yote. Hilo liliniuma kuliko kelele zenyewe.

Nikavuta kiti. Ndiyo mzee, ukoo una sehemu yake. Kuna jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, inayoitwa HLA-DRB1; iko kwenye kromosomu ya 6, mmoja wa nyuzi zinazobeba jeni, na inasaidia kinga ya mwili kutambua adui. Aina zake fulani zinaongeza hatari ya kinga hiyo kugeukia viungo vya mwili wenyewe. Tena haiko peke yake: sehemu zaidi ya 100 za jeni zinahusika, nyingi zinachangia kidogo sana. Lakini chukua mapacha wa kufanana, jeni zile zile. Mmoja akiugua, mwenzake naye huugua kwa takriban 15 tu katika 100. Mengine yanatoka nje ya jeni, na sigara ni mojawapo. Mtoto anaweza kurithi wepesi wa kuupata. Ugonjwa wenyewe harithi.

"Basi apimwe hizo jeni!"

Apimwe kwa nini? Wengi wenye aina hizo hawaugui kamwe, na wapo wagonjwa wasio nazo. Nilisema hivyo mpaka koo likakauka, na foleni nje imefika mlangoni.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Umeme ulikatika, nikaendelea kwa mikono, mabega yanawaka. Jioni binti alirudi peke yake kuuliza atajuaje. Nikamwambia: vidole vikikakamaa kila asubuhi, vikavimba, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki kadhaa, njoo upesi, kwa sababu dawa ikianza mapema viungo huokolewa.

Mzee ameahidi kuleta ukoo mzima Jumamosi. Waje, nitawaeleza wote.