Barafu kwenye kabureta juu ya mkondo wa Zanzibar: nilivyobaki mtulivu

Ushauri unaoniudhi kuliko wote ni huu: "Rubani akipata dharura, atulie, avute pumzi." Akishavuta pumzi afanye nini? Kwenye Cessna 172 ya injini moja, mikono ndiyo inayoanza kazi kwa mpangilio, utulivu unafuata nyuma yake. Mimi kilichonisaidia ni hesabu niliyokuwa nayo kichwani kabla ya kuruka: futi 4,500, mwendo wa maili za baharini 65 kwa saa, hata injini ikizima kabisa bado nina kama dakika sita hewani na maili sita hivi za kuteleza. Dakika sita ni nyingi mno kwa mtu anayejua la kufanya. Anayevuka kwa futi 1,500 eti aone samaki ana dakika mbili tu, na sehemu kubwa ya mkondo hawezi kufika nchi kavu upande wowote.

Ushauri mwingine mbovu, tena nimeusikia kwa watu wenye leseni: "Joto hili la Pwani, barafu itoke wapi?" Itoke kwenye kabureta yenyewe, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Petroli ikigeuka mvuke, na hewa ikipita kwa kasi penye koo jembamba, joto la mle ndani linaweza kushuka nyuzi 30 na zaidi. Chukua hewa ya Unguja wakati wa masika, nyuzi 26, unyevu umejaa, halafu toa hizo 30: umeshashuka chini ya sifuri. Unyevu unaganda kuzunguka kile kibao kinachofungua na kuziba njia ya hewa, na injini inaanza kubanwa pumzi.

Dalili yake ni ya kinyemela. Safari hiyo, mizunguko ya injini kwa dakika ilishuka kutoka 2,400 hadi kama 2,300 bila mtu kugusa kitu. Nikasukuma nguvu kidogo, ikarudi. Punde ikashuka tena. Geji za mafuta na presha ya oili ziko sawa, joto la oili liko sawa. Hapo hakuna cha kubahatisha: nikavuta kishikio cha joto la kabureta, kile kinachoingiza hewa ya moto, mpaka mwisho. Mpaka mwisho, siyo nusu. Joto la nusu linaweza kuyeyusha barafu hapa ikaenda kuganda pale.

Sasa hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na ndipo ninapojivunia kidogo. Ukivuta kile kishikio hali inakuwa mbaya zaidi kwanza. Hewa ya moto ni nyepesi, mchanganyiko unazidi mafuta, mizunguko inashuka tena. Kisha barafu inayeyuka na maji yanaingia kwenye silinda: injini inakohoa, inatetemeka, dashibodi nzima inacheza. Akili yote inakuambia rudisha kishikio ulikokitoa. Ukirudisha, umeifungia barafu mle mle. Niliweka mkono wangu juu ya kishikio nikaushikilia kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Sekunde zikapita, kikohozi kimoja kikubwa, kingine kidogo, halafu mizunguko ikapanda taratibu. Kumbuka pia kwamba joto hilo linatoka kwenye bomba la moshi. Ukisubiri mpaka injini ife, bomba linapoa na dawa yako imeisha.

Wakati huo ndege ilikuwa tayari kwenye 65, trimu, lile gurudumu la kusawazisha pua, imezungushwa hadi usukani unakaa wenyewe. Swichi ya mafuta kwenye matangi yote mawili, mchanganyiko mbele, magneto zote mbili zinazotoa cheche za injini zimewashwa, praima (pampu ndogo ya petroli ya kuwashia injini) imefungwa. Pua nimeielekeza Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam.

Abiria wangu akauliza, "Kapteni, vipi?" Abiria mwenye hofu mpe kazi. "Kaka, kaza mkanda, nitafutie jahazi lolote upande wako, uniambie tanga limejaa kuelekea wapi." Akatulia papo hapo. Nami nikapata vitu viwili: chombo cha kutua karibu nacho ikibidi, na mwelekeo wa upepo wa chini. Jaketi la kuokolea alikuwa amelivaa tangu Unguja. Nilimkumbusha asilijaze upepo akiwa ndani, maana litamkwamisha mlangoni. Haya majaketi si bei ya kulilia, ukilinganisha na saa moja ya kukodi ndege.

Redio ilikuja mwisho. Waongozaji hawawezi kukuyeyushia barafu. Niliwaambia nilipo, urefu, shida, watu wangapi ndani. Kama injini ingezima ningeita Mayday na kuweka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada.

Kuna zoezi la bure kabisa: kaa kwenye ndege iliyoegeshwa, funga macho kwa kitambaa, mtu akutajie kifaa kimoja kimoja nawe ukiguse bila kupapasa. Wenzangu walinicheka sana uwanjani kwa hilo.

Na kabla ya kuruka, kwenye mizunguko 1,700, vuta joto uangalie geji ya mizunguko. Ikishuka na kubaki chini, mfumo ni mzima. Ikishuka halafu ikapanda yenyewe, barafu imeshaanza ukiwa bado ardhini. Isiposhuka kabisa, waya umekatika au mpira wa hewa umechomoka. Zima, rudi kwa fundi.