Matumbawe yanaishi Arusha, na ninayo sebuleni

Watu wa pwani wameniambia mpaka wamechoka kwamba matumbawe hayakai Arusha. "Huko kwenu baridi, kaka, bahari mnaiona kwenye kalenda," jamaa mmoja wa Tanga alinipigia simu kunitahadharisha. Sasa tangi langu la lita sitini hivi lipo sebuleni, mtaa wa Njiro hapa Arusha, na matumbawe ndani yake yameongezeka mpaka nimeanza kugawa vipande. Ninaandika kwa sababu ushauri mwingi niliopewa ulitolewa na watu ambao shida yao ni joto. Mmoja alinisisitiza ninunue mashine ya kupoza maji. Mashine ya kupoza maji, Arusha, mwezi wa saba!

Nianze na maji, maana hapa ndipo wengi wanapoua viumbe bila kujua. Mwenyeji yeyote wa huku anaijua floraidi, madini ya majini yanayotia meno madoa; meno ya waliokulia vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru yanaeleza yenyewe. Maji yanapita kwenye mawe ya volkano na kutoka na floraidi pamoja na bikaboneti, madini yanayopunguza uasidi wa maji. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda huu vimepita hapo mbali. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachoiondoa kwa mkaa wa mifupa. Maji ya bahari nayo yana floraidi, kiasi cha miligramu 1.3 kwa lita, kwa hiyo si sumu ngeni kwa tumbawe. Ubaya wake ni kulundikana. Tangi linapokauka, kinachoruka ni maji matupu, chumvi na vingine vyote vinabaki. Ukifidia kila siku kwa maji ya bomba, kila kikombe unachomimina kinaacha floraidi nyingine na bikaboneti nyingine humo ndani. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo, kunaikoleza tu.

Mimi nilifunga mashine ya osmosisi, inayosukuma maji kwenye utando wa kuzuia madini, ile ya chini ya sinki ambayo nyumba nyingi huku wanayo kwa ajili ya maji ya kunywa, nikaiongezea chujio la mwisho la kunasa madini yaliyosalia. Ilinitoka laki kadhaa, sijutii hata shilingi. Maji yanayotupwa na mashine tunapigia deki.

Kisha chumvi. Niliambiwa ninunue ya mawe sokoni, "si inatoka bahari hiyohiyo?" Inatoka huko, ila njiani imepoteza vingi. Kwenye mashamba ya chumvi maji yakikaushwa, kalsiamu hutangulia kuganda na kubaki chini, na magnesiamu humwagwa na maji machungu ya mwisho. Kinachofika sokoni ni chumvi ya kupikia tu. Tumbawe gumu linajenga mifupa yake kwa kalsiamu. Linahitaji kama miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na magnesiamu karibu 1,300. Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matumbawe, changanya siku moja kabla, pima mpaka ifike sehemu 35 kwa elfu. Kuna na aliyenishauri nipandishe bikaboneti kwa magadi. Magadi ya maziwa yetu yana floraidi tele, tafadhali yaacheni kwenye makande.

Sasa kuchagua. Kila anayetaka kuanza namwuliza swali moja: umeme ukikatika saa tatu usiku, mwezi wa saba, usirudi mpaka alfajiri, tumbawe lako litaamkaje? Watu wanachagua kwa picha. Wanaona Acropora, matumbawe magumu ya buluu na waridi, zenye matawi membamba, wanazitaka hizo. Acropora haivumilii bikaboneti inayopanda na kushuka, haivumilii maji yaliyotuama, na tangi dogo hubadilika haraka kuliko kubwa. Kwa tangi la sebuleni huku milimani nachagua tumbawe liitwalo uyoga, yaani Discosoma, na tumbawe la ngozi, Sarcophyton. Haya hayana mifupa ya mawe, kubadilisha maji kila wiki kunayatosha. Ukishakaa nayo miezi na vipimo vyako havirukiruki, ongeza gumu moja. Langu ni la nyundo, jamii ya Euphyllia.

Hayo yote nilinunua kwa mgeni aliyekuwa anahama Arusha, na vibali alinionyesha. Ulizeni vibali. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini walio hatarini, hayavuki mpaka bila karatasi. Na msimtume mtu akawavunjie baharini. Yale makubwa ya mviringo yanakua kama sentimita moja kwa mwaka, na miamba yetu bado inakumbuka joto la 1998 lililoyafanya matumbawe ya Mafia na Zanzibar kuwa meupe na kufa kwa wingi.

Narudi kwenye usiku wa umeme kukatika, maana hapo najivunia. Ushauri niliopewa ulikuwa betri na inverta kubwa ya kuendesha hita. Nikapiga hesabu. Betri ya gari ya volti 12, ampia-saa 70, ina kama wati-saa 840, na ukitaka idumu usiinyonye zaidi ya nusu. Hita ya wati 100 inaimaliza hiyo nusu kwa saa nne, usiku wa manane kila kitu kimezima. Pampu ya kuzungusha maji ya wati 5 inavuka usiku kucha na chaji inabaki. Na pampu ndiyo ya kwanza. Tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, maji yanashika oksijeni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko Tanga. Maji yakisimama, samaki na matumbawe hukosa pumzi kabla baridi haijawafikia.

Kwa hiyo betri ni ya pampu. Joto nalipata kwenye chupa za chai. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, jioni tukimaliza kupika, najaza maji ya moto chupa mbili kubwa za chai na kuzifunga. Umeme ukikatika, nafunika tangi kwa blanketi pande tatu na juu, naacha upenyo wa hewa upande wa pampu. Kipimajoto kikishuka chini ya 24, nachukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu niliyoiosha vizuri, najaza maji ya moto yaliyochanganywa na ya baridi mpaka nyuzi 60 hivi (yanayochemka yanaikunja plastiki), nakaza kifuniko, naielekeza upande usio na matumbawe ielee. Chupa moja ikipoa imetoa joto la kupandisha lita sitini kwa karibu nyuzi moja. Nimeipima, inakwenda hivyohivyo. Usiweke mbili kwa mpigo, tumbawe halipendi kurushwarushwa. Jirani yangu mwenye sola kubwa aliniona na blanketi langu akatikisa kichwa. Siku hizi naye anajaza chupa.

Jambo jingine lililonikera. Tumbawe la ngozi likiwa na afya huwa linavua ngozi. Linajifunga, vidole vyote vinaingia ndani, juu linang'aa kama lililopakwa nta, na linakaa hivyo siku kadhaa. Kila niliyemtumia picha alisema, "Kaka, limeoza, litoe haraka litachafua tangi." Nililinusa: halikuwa na harufu. Nilibonyeza shina kwa kijiti: gumu. Nikaelekeza mkondo wa pampu ulipigepige kwa upande, ule utando ukaanza kuchanika pembeni na kupeperuka vipandevipande. Chini yake vidole vikachomoza, vifupi kwanza, vyenye ncha za njano. Lililooza linanuka na kulegea, huhitaji picha kulijua.

La nyundo lipewe nafasi, sentimita 15 pande zote, kwa sababu usiku linatoa minyiri mirefu inayochoma majirani. Nalilisha kipande cha nyama ya kamba wa baharini, kidogo kuliko punje ya mchele. Ukikidondosha kwenye ncha, zinakishika, zinajikunja kuelekea katikati taratibu, mdomo unafunguka mwembamba na kukimeza. Kila wiki mara moja panatosha, ukizidisha unalisha mwani wa kwenye kioo.

Taa usiiwashe nguvu zote siku ya kwanza. Tumbawe linaishi kwa chakula kinachotengenezwa na mwani mdogo ulio ndani ya nyama yake, na mwanga mkali wa ghafla unalifanya liutapike, libaki jeupe. Anza na theluthi, weka chini, pandisha kwa wiki.

Na zile zoantidi, vile vimaua vya rangirangi vinavyouzwa bei rahisi: baadhi zina palitoksini, sumu kali mno. Vaeni glavu na miwani mkizikata, na kamwe msichemshe wala kumwagia maji ya moto jiwe lililokuwa nazo, mvuke wake umepeleka familia nzima hospitali katika nchi nyingine. Mimi nina mtoto mdogo ndani, sizifugi.

Vipande vya uyoga ninavyo kwa sasa, sitaki pesa. Anayevitaka aje na ndoo yenye kifuniko, ila kwanza aniambie anatumia maji gani.