REAL ID na Majina Yetu Matatu

Tangu tarehe 7 Mei 2025, mtu mzima anayesafiri kwa ndege ndani ya Marekani anatakiwa kuwaonyesha maofisa wa TSA, yaani wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege, leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo kinachokidhi masharti ya REAL ID, sheria ya taifa kuhusu vitambulisho vya majimbo, au hati nyingine iliyomo katika orodha yao. Sheria yenyewe ni ya mwaka 2005. Ilitokana na mapendekezo ya tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, na ilikusudiwa ianze kutumika mwaka 2008, lakini majimbo kadhaa yaliipinga, kisha likaja janga la Uviko-19, na tarehe ikasogezwa mara nyingi kiasi kwamba wengi wetu tuliizoea kama ahadi ya mwanasiasa. Sasa inatekelezwa, na ndugu na jamaa wanaoishi huku wananipigia simu wakitaka kujua waanzie wapi.

Jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba huenda hawana haja ya kukimbilia foleni. Pasipoti ya Marekani inakubalika uwanja wa ndege, na vivyo hivyo pasipoti ya kigeni, ya Kenya, Tanzania, Kongo au kwingineko, maadamu haijaisha muda wake. Green Card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, inakubalika, na kibali cha kazi kinachotolewa na idara ya uhamiaji kinakubalika pia. Watoto walio chini ya miaka 18 hawadaiwi kitambulisho wanaposafiri ndani ya nchi. Kwa hiyo mwenye Green Card, ambaye kwa vyovyote sheria inamtaka awe nayo mfukoni siku zote, anaweza kusafiri kesho asubuhi bila kuhangaika.

Anayebanwa zaidi, kwa maoni yangu, ni yule aliyekwisha kuapishwa kuwa raia. Siku ya kiapo alirudisha Green Card yake na kupewa cheti cha uraia, na cheti hicho, pamoja na uzito wake wote, hakimo katika orodha ya TSA. Kama hajachukua pasipoti, au hapendi kutembea nayo kila aendapo kumsalimia mjomba jimbo la pili, basi leseni ya REAL ID, ile yenye alama ya nyota, ndiyo njia nyepesi kwake. Cheti hicho hicho ambacho hakimpitishi kwenye ukaguzi ndicho kitakachomthibitisha kwenye ofisi ya leseni.

Ofisi hiyo, ambayo katika majimbo mengi huitwa DMV, itataka hati inayothibitisha wewe ni nani na kwamba upo nchini kihalali, uthibitisho wa namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, na hati mbili zinazoonyesha mahali unapoishi. Kila jimbo lina orodha yake na ada yake, kwa hiyo isome ya jimbo lako, usiitegemee ya shemeji aliye jimbo jingine. Ukisoma orodha hiyo utaona kama jambo la nusu saa. Kinachotukwamisha sisi ni majina.

Nilimsindikiza dada mmoja mzaliwa wa Bukavu ambaye, kama Wakongo wengi, ana jina la ukoo, jina linalolifuatia, na jina la ubatizo. Karani alizipanga karatasi zake mezani, akawa anafuata majina kwa ncha ya kalamu, herufi kwa herufi. Green Card ilikuwa na majina yote matatu, ila lile la katikati limeunganishwa na la ubatizo. Kadi ya Social Security ililiacha kabisa. Mkataba wa nyumba ulikuwa na majina mawili, tena yamepinduliwa. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja, na mtaani kwao angeitwa Mama Fulani na kila mtu akamjua. Kwa karani walikuwa watu watatu, akamrudishia karatasi zake kwa upole kabisa na kumwita aliye nyuma yetu. Waswahili wa pwani nao wana shida ya namna hiyo, kwa kuwa jina la mwisho ni la babu, si la ukoo, na mke hachukui jina la mume, hivyo familia ya watu watano inaweza kuwa na majina ya mwisho matatu bila kosa la mtu yeyote.

Namba ya Social Security huhakikiwa kwa kompyuta, na jina lisipolingana na lililoko kwenye kumbukumbu zao, maelezo yako marefu hayatasaidia. Anza na hati ya uhamiaji, kisha nenda ukarekebishe jina Social Security ili lifanane nayo, ndipo uende DMV. Ukiwa umebadilisha jina kwa ndoa, beba cheti cha ndoa, na kama kimeandikwa kwa Kifaransa au Kiswahili, ulizia mapema masharti ya jimbo lako kuhusu tafsiri.

Kuhusu makazi, sanduku la posta halikubaliki, na anayeishi kwa ndugu mara nyingi hana bili hata moja yenye jina lake. Taarifa ya benki husaidia, na baadhi ya majimbo humruhusu mwenye nyumba atie saini fomu ya kuthibitisha kwamba unaishi kwake.

Waliopewa hadhi ya ukimbizi hupata kadi ya kawaida, ila wanaosubiri uamuzi wa maombi ya hifadhi na wenye ulinzi wa muda dhidi ya kurudishwa kwao hupewa kadi inayokwisha pamoja na ruhusa yao ya kukaa, na kama ruhusa hiyo haina kikomo maalumu, kadi ni ya mwaka mmoja.

Majimbo mengi hayakupi kadi siku hiyo hiyo. Hukupa karatasi ya muda, na kadi huja baadaye kwa posta. Karatasi hiyo inakuruhusu kuendesha gari, lakini TSA hawaitambui, kwa hiyo usipeleke maombi ukiwa na tiketi ya wiki ijayo na huna pasipoti. Kadi ikifika, tafuta nyota upande wa juu. Ya California imo ndani ya mchoro wa dubu. Anayefika uwanjani bila hati yoyote inayokubalika, tangu tarehe 1 Februari 2026, hutakiwa kulipa dola 45 ili TSA wajaribu kumtambua kwa njia nyingine, malipo yanayodumu siku 10 tu na yasiyomhakikishia kwamba atapita.